Kutoka Mtungi wa Wakisi hadi Kiyoyozi: Kufundisha Juu ya Gesi ya Kupozea na Namna ya Kuikusanya

Utangulizi

Mwanachuo aendaye kufanya mazoezi ya kufundisha katika wilaya ya Kyela hana haja ya kutafuta mbali mfano wa somo la joto. Nchi hiyo imelala ufukoni mwa Ziwa Nyasa, kwenye kimo cha meta 475 hivi tu juu ya usawa wa bahari, hali Tukuyu, ambako safari yake si ndefu, iko zaidi ya meta 1,400 na watu wake hujifunika blanketi usiku. Mtoto wa Kyela aliyepata kupanda gari kwenda Tukuyu anajua tofauti hiyo kwa ngozi yake kabla ya kuijua kwa kipimajoto.

Kwa sababu ya joto hilo, viyoyozi vimetundikwa nyuma ya kuta za benki, ofisi na maduka, na majokofu yamo katika zahanati, katika vibanda vya soda na katika nyumba nyingi. Ndani ya kila chombo cha namna hiyo mna gesi iliyofungiwa. Chombo chochote huharibika siku moja, na fundi huitwa. Hapo hutokea swali ambalo ndilo kiini cha makala haya: gesi iliyomo ndani itakwenda wapi?

Wapo mafundi walijibuo swali hilo kwa spana. Hulegeza nati, gesi ikalia kwa dakika chache, kisha kazi ikaendelea. Mtazamaji haoni kitu, maana gesi hiyo haina rangi, naye hudhani kwamba kilichotolewa ni upepo tu, kama wa gurudumu la baiskeli. Kijana anayemshikia fundi spana hujifunza kwa kutazama mkono wa bwana wake, na mazoea hayo hurithiwa hivyo hivyo. Baadhi ya wanafunzi wetu watakuwa vijana wa namna hiyo mara tu wamalizapo shule. Kwa hiyo mwalimu wa shule ya msingi ndiye huenda akawa mtu wa mwisho kuwapa sababu ya kisayansi ya kutofanya hivyo.

Madhumuni ya somo

Somo hili limekusudiwa kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi, nalo lafaa ligawanywe katika vipindi vitatu au vinne. Mwishoni mwake mwanafunzi aweze:

(a) kueleza kwa nini kioevu kinapogeuka mvuke hupoza kitu kilicho karibu nacho;
(b) kuonyesha kwa mchoro jinsi gesi inavyozunguka katika kiyoyozi bila kupungua;
(c) kutaja hatua ambazo fundi mwema hufuata ili gesi isitoke nje;
(d) kutofautisha madhara mawili ya gesi hizo, yaani kuharibu ozoni na kuongeza joto duniani.

Zana

Mitungi miwili ya udongo iliyo sawa, ndoo ya plastiki, vipimajoto, spiriti kidogo, pampu ya baiskeli, kiberiti cha gesi chenye ganda linaloonyesha ndani, kokoto na chaki. Mwalimu asilete darasani jokofu bovu na kulikata bomba ili watoto waone gesi. Gesi itokayo kwa nguvu hugandisha ngozi na kudhuru macho. Katika chumba kilichofungwa hufukuza hewa tunayovuta. Na nyingine, kama ile iliyomo katika majokofu mengi mapya ya nyumbani, hushika moto.

Hatua ya kwanza: mtungi

Anza na kile ambacho watoto wanacho. Kando ya Matema, kwenye pembe ya kaskazini-mashariki ya ziwa, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu na mitungi ambayo hupakiwa mitumbwini na kuuzwa katika masoko ya ufukoni. Jaza maji mtungi mmoja, na maji ya kiasi kile kile uyatie katika ndoo ya plastiki. Viweke vyote viwili kivulini tangu asubuhi. Mchana waache wanafunzi wapime na kuandika.

Maji ya mtungini yatakuwa baridi zaidi. Waulize sababu, wala usiwajibie. Wengi watasema kwamba udongo ni baridi. Waambie wapapase mtungi kwa nje: una unyevunyevu. Maji hupenya polepole katika vitundu vidogo vya udongo, hufika nje, hugeuka mvuke, na katika kugeuka huko huchukua joto kutoka kwa maji yaliyobaki. Ili kuthibitisha, mpake mwanafunzi mmoja tone la maji kwenye mkono wa kushoto na tone la spiriti kwenye mkono wa kulia. Ule wa spiriti utasikia baridi zaidi, kwa kuwa spiriti hugeuka mvuke upesi zaidi.

Kanuni waliyoipata waiandike kwa maneno yao wenyewe: kioevu kinapogeuka mvuke huchukua joto.

Jaribio hilo lirudiwe siku ya mvua. Kyela hupata mvua nyingi, hasa kuanzia Machi hadi Mei, na katika siku hizo hewa imejaa unyevu. Mtungi hautapoza vizuri kama siku ya jua na upepo, kwa sababu maji hayagawanyiki kirahisi katika hewa iliyokwisha kushiba maji. Hapo watoto wataona upungufu wa mtungi, nao watakuwa tayari kuuliza: je, mashine hufanyaje kazi hata siku ya mvua?

Hatua ya pili: kioevu kichemkacho katika baridi

Watoto hudhani kwamba kuchemka ni lazima kuwe kwa moto. Hapana budi dhana hiyo irekebishwe, la sivyo kiyoyozi hakitaeleweka. Waeleze kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100 za sentigredi ufukoni mwa bahari, lakini kileleni mwa Mlima Rungwe, wenye kimo cha meta 2,960, huchemka yakiwa kwenye nyuzi 90 hivi, kwa kuwa huko hewa hukandamiza kwa nguvu ndogo. Basi kiwango cha kuchemka hufuata mkandamizo: mkandamizo ukipungua, kioevu huchemka kwa joto dogo zaidi.

Kisha wanyanyulie kiberiti cha gesi bila kukiwasha. Ndani yake wataona kioevu. Kioevu hicho, kama kingewekwa wazi, kingechemka kwenye nyuzi karibu sifuri, yaani kwenye joto la barafu; kinabaki kioevu kwa sababu kimekandamizwa ndani ya ganda. Gesi za viyoyozi huchemka katika baridi kali kuliko hiyo. Ile iitwayo R-22, ambayo imo katika viyoyozi vingi vya zamani, huchemka kwenye nyuzi 41 hivi chini ya sifuri. R-410A na R-32, zilizomo katika viyoyozi vya baadaye, huchemka kwenye nyuzi 51 hivi chini ya sifuri.

Mwisho, mpe mwanafunzi pampu ya baiskeli, azibe tundu kwa kidole na kusukuma mara kadhaa. Pampu itapata joto upande wa tundu. Hewa ikishindiliwa hupata joto. Hilo ndilo linalotokea katika kompresa.

Hatua ya tatu: mzunguko

Sasa chora ubaoni sehemu mbili zilizounganishwa kwa mabomba mawili ya shaba, moja nene na jingine jembamba. Sehemu ya ndani ya chumba ina koili na feni. Sehemu ya nje ina kompresa, koili na feni. Kompresa hushindilia gesi mpaka ikawa moto. Gesi hupita katika koili ya nje, feni ikaipuliza, joto likaenda zake nje, na gesi ikageuka kioevu. Kioevu hupita katika njia nyembamba sana ambako mkandamizo hushuka ghafula. Kinapofika koili ya ndani huchemka, na katika kuchemka huvuta joto la chumba. Mvuke hurudi kwa kompresa, na safari huanza upya. Mtoto aliyepata kupita nyuma ya benki na kupigwa na hewa ya moto amekwisha kulikuta joto hilo likitoka chumbani.

Hapa pana jambo moja kubwa ambalo mwalimu asilipite mbio. Maji ya mtungini huruka na kupotea, ndiyo maana kila siku twaongeza mengine. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama mafuta ya taa. Katika mashine nzima kiasi kile kile hubaki miaka na miaka. Mwenye ofisi anayeambiwa na fundi kwamba gesi yake «imekwisha» na kwamba «huongezwa kila mwaka» ameambiwa jambo lisilo sahihi; pana tundu mahali fulani, na kuongeza gesi bila kuziba tundu ni sawa na kumimina maji katika ndoo iliyotoboka.

Ili mzunguko huo ukae akilini, cheza mchezo huu uwanjani. Chora duara kubwa. Upande mmoja uitwe «ndani», wa pili «nje». Wanafunzi wanane, ambao ndio gesi, wazunguke duara, kila mmoja akiokota kokoto moja upande wa ndani na kuitua upande wa nje. Kokoto ndizo joto. Baada ya muda hesabuni kokoto zilizohama. Kisha fungua mwanya katika duara, wanafunzi watatu watoke, na wengine waendelee kwa muda ule ule. Kokoto zitakazohama zitakuwa chache. Wanafunzi wataeleza wenyewe kwa nini kiyoyozi kinachovuja hakipozi, ingawa umeme hulipiwa vile vile.

Hatua ya nne: kazi ya fundi mwema

Mwalimu si fundi, wala hatazamiwi kufundisha ufundi huo, ambao una vyuo vyake, vikiwamo vile vya VETA. Lakini apaswa kuujua utaratibu wake ili awaeleze watoto bila kubahatisha.

Kwanza, fundi hutafuta ubaya kabla ya kufungua kitu. Sehemu ya nje isiyofanya kazi yaweza kuwa na hitilafu ya umeme, feni iliyokwama, au koili iliyozibwa na vumbi. Katika hali hizo gesi haihusiki hata kidogo, na kuifungulia ni hasara tupu.

Pili, ikiwa hitilafu iko katika sehemu ya ndani au katika mabomba, na kompresa bado ni nzima, gesi yaweza kuhifadhiwa katika sehemu ya nje yenyewe. Fundi huiwasha mashine ipoze, hufunga vali ya bomba jembamba, hutazama geji mpaka mkandamizo ukaribie sifuri, kisha hufunga vali ya bomba nene na kuzima mara moja. Gesi yote imekusanyika nje, nayo yangoja.

Tatu, ikiwa sehemu ya nje ndiyo mbovu, kwa mfano kompresa imeungua au koili yake inavuja, njia hiyo haifai. Hapo huhitajika mashine maalumu ya kukusanyia gesi pamoja na mtungi wa chuma uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Fundi huzima umeme, huvaa miwani na glavu, huunganisha geji, mashine na mtungi kwa mipira, na mtungi huwekwa juu ya mizani. Gesi hufyonzwa kutoka katika kiyoyozi na kusukumwa mtungini mpaka geji ishuke chini ya sifuri. Kisha fundi husubiri kidogo. Geji ikipanda tena, maana yake ipo gesi iliyokuwa imejificha katika mafuta ya kompresa, naye hurudia kuifyonza.

Mambo matatu hayaruhusiwi. Mtungi usijazwe zaidi ya sehemu 80 katika 100, kwa sababu kioevu hutanuka kwa joto, na mtungi uliojaa pomoni ukiachwa juani Kyela waweza kupasuka. Aina mbili za gesi zisichanganywe katika mtungi mmoja, maana mchanganyiko huo haufai tena kwa kazi. Na ile mitungi myepesi ya kuuzia gesi, iliyotengenezwa itumike mara moja, isijazwe tena.

Baada ya hapo ndipo mabomba hufunguliwa na kutengenezwa. Fundi hupima uvujaji kwa naitrojeni kavu na povu la sabuni. Kamwe hatumii oksijeni, ambayo ikikutana na mafuta katika mkandamizo mkubwa huweza kulipuka. Hewa na unyevu hufyonzwa kwa pampu, na gesi hurudishwa kwa kupimwa uzito. Gesi iliyokusanywa, ikiwa safi, hurudishwa katika mashine ile ile. Ikiwa kompresa iliungua, gesi huwa imeingiwa na asidi. Hutiwa alama na kupelekwa kusafishwa au kuteketezwa panapo mitambo ya kazi hiyo.

Rudieni mchezo wa duara. Chora kando yake mraba wenye nafasi kumi, uitwe «mtungi». Fundi awaongoze wanafunzi wanane waingie humo mmoja mmoja, na nafasi mbili ziachwe wazi. Waulize ni kwa nini. Kisha walinganishe mitungi miwili: ule wa Kikisi hupoza kwa sababu unapitisha maji, na huu wa fundi wafaa kwa sababu haupitishi chochote.

Hatua ya tano: kwa nini tujisumbue?

Walimu wengi huchanganya mambo mawili hapa, wakasema kwamba tundu la ozoni ndilo linaloingiza joto duniani. Sivyo. Yafundishe moja baada ya jingine.

Jambo la kwanza ni ozoni. Kati ya kilometa 15 na 35 hivi juu yetu kuna tabaka la hewa lenye ozoni, ambalo huzuia sehemu kubwa ya mionzi mikali ya jua inayodhuru macho, ngozi na mimea. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi zenye klorini zilizokuwa zikitumika katika majokofu na makopo ya kupulizia zingeweza kupanda hadi huko na kuharibu ozoni. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza walitangaza kwamba ozoni ilikuwa imepungua mno juu ya Antaktika. Tarehe 16 Septemba 1987 ilitiwa saini Itifaki ya Montreal ya kuziondoa gesi hizo, na Tanzania iliiridhia mwaka 1993. R-22 ina klorini. Kwa nchi zinazoendelea matumizi yake yanapunguzwa hatua kwa hatua hadi mwaka 2040. Jitihada hizo zimezaa matunda: tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba ozoni itarudia hali yake ya mwaka 1980 kwenye mwaka 2040 hivi katika sehemu kubwa ya dunia, na kwenye mwaka 2066 hivi juu ya Antaktika.

Jambo la pili ni joto. R-410A haina klorini, kwa hiyo haili ozoni; lakini ikitoka hewani huzuia joto la dunia lisiondoke. Ndiyo sababu mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, mwezi Oktoba 2016, yakaongeza katika Itifaki ile marekebisho ya kupunguza gesi za jamii hiyo pia.

Ukubwa wa jambo waweza kupatikana katika somo la hesabu. Kwa muda wa miaka 100, kilo moja ya R-22 huzuia joto sawa na kilo 1,810 hivi za hewa ya kaboni. R-410A sawa na kilo 2,088. R-32 sawa na kilo 675. Tuseme kiyoyozi kina gramu 800 za gesi. Wanafunzi wakokotoe:

R-22: 0.8 × 1,810 = kilo 1,448
R-410A: 0.8 × 2,088 = kilo 1,670.4
R-32: 0.8 × 675 = kilo 540

Basi fundi aliyelegeza nati ya kiyoyozi kimoja cha R-410A kwa dakika chache ametoa hewani kitu ambacho madhara yake ni sawa na zaidi ya tani moja na nusu ya hewa ya kaboni, wala hakusikia ila mlio tu.

Mambo ya kuangaliwa na mwalimu

Usianze somo kwa kuandika fasili ubaoni. Mtoto aliyekariri neno «mvukizo» bila kupapasa mtungi hatajua kulitumia mbele ya mashine.

Usiwatie watoto hofu ya kwamba jokofu la nyumbani ni sumu. Gesi iliyofungwa salama haidhuru mtu. Ubaya ni kuifungulia.

Usimlaumu fundi fulani wa kijijini kwa jina mbele ya darasa. Mashine ya kukusanyia gesi ni ghali, na mafundi wengi hawakupata mafunzo. Afadhali umwalike fundi mwenye ujuzi aje aeleze vifaa vyake, na watoto wamsalimu na kumwuliza maswali kwa heshima. Fundi aulizwaye na watoto, «Shikamoo fundi, gesi utaiweka wapi?» hapati jibu jepesi, naye huondoka akilifikiri swali hilo.

Maswali ya kupima

1. Kwa nini maji ya mtungini hayapoi sana siku ya mvua?
2. Dukani umeambiwa kwamba gesi ya kiyoyozi huisha kila mwaka. Utamjibuje aliyekuambia?
3. Kompresa ya sehemu ya nje imeungua. Kwa nini fundi hawezi kuikusanya gesi katika sehemu ya nje yenyewe?
4. Mtungi wa gesi una uwezo wa kubeba kilo 12 ukijaa kabisa. Fundi aruhusiwe kutia kilo ngapi?
5. Taja gesi moja inayodhuru ozoni na moja isiyoidhuru lakini huongeza joto duniani.

Kazi ya nyumbani: kila mwanafunzi atafute kibandiko kilicho nyuma ya jokofu au ubavuni mwa kiyoyozi, asiguse kitu kingine chochote, anakili jina la gesi na uzito wake, kisha alete darasani. Majina hayo yaandikwe ubaoni katika jedwali moja. Kwa jedwali hilo darasa litajua ni gesi gani zimo katika majokofu na viyoyozi vya mtaa wake, na ni kiasi gani kitahitaji kukusanywa siku vitakapoharibika.